Anzia juu ya shamba: namna ninavyozuia tope, mbolea na dawa visifike kijitoni

Shamba langu liko Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Nimelipata upande wa mama, maana kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Juu linaanzia kwenye mwamba, chini linaishia kwenye kijito kinachoingia Mto Mgeta. Mgeta unaizunguka milima kwa kusini, unapita Kisaki, kisha unaingia Ruvu. Na Ruvu ndio mto wenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambayo Dar es Salaam inaitegemea kwa maji. Binti yangu amepanga chumba Kimara. Maji anayompikia mjukuu wangu uji yanaweza kuwa yamepita kwenye matuta yangu ya karoti.

Naandika hivi kwa mkulima mwenzangu anayelima mlimani, mahali popote. Nimejifunza kwa kupoteza udongo mwingi, na ningependa wewe upoteze kidogo.

Jambo la kwanza ambalo wengi hulikosea, na mimi nililikosea miaka mingi: tukiambiwa tulinde mto, tunakimbilia ukingoni. Tunapanda matete mstari mmoja kando ya maji, tunaona kazi imekwisha. Masika ya Machi yakija, maji yanashuka kutoka juu yakiwa na kasi ya mteremko mzima, yanalala juu ya matete yale na kupita. Maji ni ya kupunguzwa nguvu pale yanapoanza kukusanyika, yakiwa bado membamba kama uzi. Kwa hiyo anzia juu, ushuke hatua kwa hatua. Ukingo wa mto ni kazi ya mwisho.

Tembea wakati mvua inanyesha

Kabla ya jembe, chukua mwavuli au mfuko wa nailoni, uende shambani mvua ikiwa inapiga. Simama juu kabisa na utazame. Utaona maji yanaingilia wapi: labda ni njia ya miguu, labda ni shamba la jirani aliye juu yako, labda ni mwamba. Utaona yanapokutana na kuwa mkondo, na yanapoanza kubadilika rangi. Mahali yanapobadilika rangi ndipo udongo wako unapoondokea. Chomeka kijiti hapo.

Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilichomeka vijiti saba. Vinne vilikuwa kwenye njia moja tu, ile tunayopitisha mizigo kwenda barabarani. Njia imenyooka kutoka juu hadi chini, imegeuka mfereji. Siku ile nilielewa kwamba nusu ya tope langu halikutoka kwenye matuta ya mboga hata kidogo. Njia hiyo sasa inapinda mara tatu, na kila penye kona nimeweka gogo na mawe ya kuyatupa maji pembeni, kwenye majani.

Kipimo cha fremu A

Makinga maji, yaani mitaro na vigongo vya udongo vinavyokata mteremko ili kuyapunguza maji kasi, yakichimbwa kwa kukadiria kwa macho, sehemu moja itakuwa chini kuliko nyingine. Maji yote yatakusanyika pale, yatapasua, na mpasuko mmoja unaleta hasara kubwa kuliko kama usingechimba kabisa. Pima. Kipimo chenyewe hakina gharama.

Tafuta fito mbili zilizonyooka, kila moja mita 2 na kidogo, na ya tatu ya kama mita 1 na robo. Zile ndefu zifunge juu kwa kamba, zitanue chini mpaka miguu iachane mita 2. Ile fupi ifunge katikati iwe kama mkono wa herufi A. Kutoka kwenye fundo la juu ning'iniza uzi wenye jiwe, upite mbele ya ule ufito mfupi.

Sasa kipimo kinatakiwa kifundishwe. Kisimamishe mahali popote, weka alama chini kila mguu unapokanyaga, subiri jiwe litulie, kisha kwaruza kwa kisu pale uzi unapogusa ufito. Kigeuze, mguu wa kushoto ukae pale ulipokuwa wa kulia, wa kulia pale ulipokuwa wa kushoto. Kwaruza tena. Katikati ya mikwaruzo hiyo miwili ndiyo alama yako ya usawa. Uzi ukigusa hapo, miguu yote iko kimo kimoja. Usipime siku ya upepo, uzi hautulii na utapandwa na hasira bure.

Tembea nacho ukikata mteremko, mguu mmoja ukibaki, mwingine ukitafuta, na kila hatua chomeka kijiti. Mstari utakaopata utapinda kufuata mlima. Huo ndio mstari wa kontua.

Kwetu Uluguru mvua ni nyingi, na makinga maji yaliyo sawa kabisa yanaweza kushiba maji hadi udongo wote uteleze. Kwa hiyo mimi naipa mistari yangu mteremko mdogo sana kuelekea upande mmoja: naweka kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 1 chini ya mguu wa upande ninaotaka maji yaelekee, halafu natafuta usawa. Mstari unashuka sentimita 1 kila mita 2. Maji yanatembea, hayakimbii. Mwisho wake lazima uwe mahali pa salama, penye mwamba au mfereji mpana uliofunikwa na majani, wala si kwenye shamba la mwenzako. Ukiyamwaga kwa jirani ujue umeanzisha kesi, na kesi ya maji huwa haiishi.

Mstari wa pili uwe umbali gani kutoka wa kwanza? Simama kwenye mstari wa chini, tazama mlima, macho mbele bila kuinua wala kuinamisha kichwa. Pale macho yanapogonga udongo ndipo mstari unaofuata. Mteremko mkali utakupa mistari ya karibu karibu, mteremko wa taratibu mistari ya mbali, bila kupiga hesabu.

Fanya juu, na kwa nini bibi zetu waliyakataa matuta

Kwenye mstari chimba mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo uutupe upande wa juu. Ndiyo maana yanaitwa fanya juu. Kigongo kile cha udongo kinazuia tope linaloshuka, na mwaka hadi mwaka nafasi kati ya mistari inajisawazisha yenyewe mpaka shamba linakuwa ngazi. Ukiutupa udongo chini unakuwa fanya chini, ambayo ni kazi nyepesi ila shamba halitajisawazisha haraka.

Nataka niseme kitu hapa kwa wazee watakaosoma. Bibi yangu alizaliwa Matombo, upande wa mashariki. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi, na mwaka 1955 Matombo walikataa hadi kukatokea ghasia na mtu akauawa. Bibi hakuwahi kulisikia neno matuta bila kukunja uso. Wala hawakukataa kwa uvivu. Ngazi zile zilichimbwa kwa mkupuo, udongo mweusi wa juu ukafukiwa, ule mwekundu usio na rutuba ukaletwa juu, na mahindi yakadumaa. Kwetu Mgeta ngazi zilidumu kwa sababu tulikuwa na mboga za kumwagilia na samadi ya kuziponyesha. Kwa hiyo ukichimba, udongo wa juu utenge pembeni kwanza, uurudishe mwisho juu ya shamba. Na usichimbe mlima mzima mwaka mmoja. Mimi nilifanya mistari miwili kila kiangazi, na ilinichukua miaka minne.

Kigongo kikishakamilika kipande majani wiki hiyohiyo, la sivyo mvua ya kwanza itakirudisha mtaroni. Majani ya tembo na gwatemala yanalisha mbuzi, na sisi Mgeta tuna mbuzi wa maziwa, kwa hiyo mimi nimechagua hayo. Vetiva ina mizizi inayoshuka wima mita 2 na zaidi, na haisambai kwa mbegu, ila mifugo haiipendi ikishakomaa. Penye mteremko mkali sana ningechagua vetiva. Panda vipando vikaribiane, kiganja kimoja kati ya kipando na kipando, pasiwe na upenyo.

Mwisho wa kila mtaro, kabla maji hayajatoka, chimba shimo la mita 1 kwa mita 1. Tope linatua humo. Baada ya kila mvua kubwa nalizoa kwa ndoo na kulirudisha juu. Ni kazi ya kuumiza mgongo, lakini udongo ule ndio ulionona kuliko wote shambani.

Udongo usilale uchi

Matone ya mvua yakipiga udongo mtupu yanauvunja kabla hata maji hayajaanza kutiririka. Usichome mabua. Yatandaze kati ya mistari ya kabichi, na magugu uliyopalilia nayo yatandaze. Karoti na viazi ndivyo vinavyotuangusha, maana ukivuna umefukua kila kitu. Mimi sivuni kitalu kizima kwa siku moja tena mvua zikiwa karibu. Navuna ngazi moja, napanda njegere au maharage hapohapo, ndipo nahamia nyingine.

Na karoti tusizioshee kijitoni. Najua soko linataka karoti inayong'aa. Lakini tazama siku ya gulio: watu kumi wameinama kwenye maji, kila mmoja na viroba vyake, na kijito kinashuka chini kikiwa chekundu, na huko chini kuna mama ameweka ndoo akisubiri kuteka. Nimewahi kumkuta mama huyo. Hakunigombeza. Alisema tu, “Dada, basi hata mngeanza mapema, sisi tungeteka mchana.” Tangu siku hiyo naoshea shambani, kwenye pipa lililokatwa nusu, na maji ya tope nayamwaga chini ya migomba.

Mbolea: iwe kidogo, ifukiwe, irudiwe

Mfuko wa kilo 50 wa UREA una nitrojeni kilo 23. Ukiumwaga juu ya udongo jioni na usiku ikanyesha, umeununulia mto. Fosforasi iliyo kwenye DAP, mbolea ya kupandia, hushikamana na chembe za udongo, kwa hiyo ukizuia tope umeizuia nayo kwa sehemu kubwa. Nitrojeni ikishageuka naitreti haishikwi na mtaro wala shimo. Inayeyuka na kwenda na maji, juu ya ardhi na chini yake. Dawa yake ni kutoa kidogo kidogo, kadiri mmea unavyoweza kula.

Kabichi zangu nazipa DAP au samadi iliyoiva wakati wa kupanda, kisha mbolea ya kukuzia kwa awamu mbili, kizibo kimoja cha soda kwa mche, kwenye kishimo cha sentimita 5 pembeni ya shina, nafukia. Wingu likiwa limefunga juu ya mlima sitii mbolea siku hiyo, hata kama kibarua ameshakuja. Nampa kazi nyingine.

Msione naitreti kuwa jambo la wataalamu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa, na wanaoumia zaidi ni watoto wachanga wanaochanganyiwa maziwa kwa maji hayo, kwani damu yao inashindwa kubeba hewa vizuri. Kuyachemsha hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, naitreti inabaki.

Samadi ina hatari yake. Lundo la samadi mbichi lililo wazi kando ya kijito ni kama choo kilicho wazi. Lundo langu liko nyuma ya banda, juu kabisa, limeezekwa kwa nyasi na kuzungushiwa kituta ili maji yasiingie wala mchuzi usitoke. Nachanganya na majani, nachomeka kijiti kirefu katikati. Nikikichomoa baada ya dakika chache kikiwa cha moto kiasi cha kutoshikika, lundo linafanya kazi. Kikiwa cha vuguvugu nageuza. Baada ya miezi miwili mitatu harufu ya samadi imepotea, inabaki ya udongo. Hapo ndipo inakwenda shambani.

Dawa

Hapa sitazunguka. Miaka ya nyuma nilikuwa nasuuza bomba la dawa kwenye dimbwi chini ya shamba, kama kila mtu. Asubuhi moja nilikuta kaa wa mtoni wamegeuka matumbo juu, wengi, na vile visamaki vidogo vimekwama kwenye majani. Dawa niliyopiga kabichi jana yake ilikuwa ya kuua viwavi. Nilichota maji yale kwa kiganja nikayatazama, yalikuwa meupe na safi kabisa. Hayana rangi, hayana harufu, na yameua. Tope angalau linaonekana.

Changanya dawa juu ya shamba, mbali na maji, kwa maji uliyoyabeba. Usitumbukize bomba mtoni kulijaza. Pima eneo lako ili uchanganye kiasi kitakachoisha. Mabaki ndiyo yanayotafuta mahali pa kumwagwa. Chupa ikiisha, tia maji robo yake, tikisa, mimina ndani ya bomba, fanya hivyo mara tatu, upulizie hukohuko kwenye mmea. Kisha itoboe chupa, asije mtu akaiwekea mafuta ya kula. Soma ukanda wa rangi kwenye lebo: mwekundu ndio mkali kuliko wote, na mimi dawa yenye ukanda huo sinunui kabisa. Dukani omba uoneshwe namba ya usajili. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ndiyo inayosajili, na dawa isiyo na namba irudishe kaunta.

Kuna wanaonishauri nitumie mmea wa utupa kama dawa kwa kuwa ni wa asili. Utupa unaua wadudu, ni kweli. Lakini wazee wetu walikuwa wakiuponda na kuutia kwenye maji ili wavue samaki! Cha asili nacho kinaua mto. Ukitumia utupa, uheshimu kama dawa ya dukani.

Kinachopunguza dawa zaidi ni kukagua. Asubuhi geuza majani ya kabichi 20 hapa na pale shambani, tafuta viwavi wadogo wa kijani. Ukikuta wachache, waminye kwa vidole. Kupiga dawa kila Jumamosi kwa kuwa ni Jumamosi ni kutupa hela.

Ukingo wa maji

Sasa tumefika chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mashamba yetu ya bondeni mita 60 ni kitu kikubwa, wakati mwingine ni riziki nzima ya familia, na najua maneno haya yanavyouma. Mimi nililia nilipoviacha vipande vya chini, maana ndivyo vilivyokuwa na unyevu wa kiangazi. Nilivyofanya ni kuacha kwanza ngazi ya chini kabisa, mwaka uliofuata ya pili, nikaendelea hivyo mpaka sehemu yote ikarudi kuwa majani na miti. Hailimwi, lakini majani yake nakata kwa mkono kwa ajili ya mbuzi, na maziwa yakaziba sehemu ya pengo la kabichi.

Panda miti inayopatana na maji. Mkuyu umekaa kwenye chemchemi zetu tangu enzi, na wazee hawakuruhusu ukatwe. Mianzi inashika ukingo vizuri. Mikaratusi usiipande karibu na chemchemi, inakunywa mno. Mifugo nayo isishuke kunywa kijitoni. Peleka maji kwa mpira hadi kwenye birika juu. Na mpira wa kumwagilia usiachwe usiku kucha, kwa sababu shamba lililoshiba linamwaga maji hata bila mvua. Ukitaka kuchepusha maji ya mto kwa umwagiliaji, kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ofisi zao ziko Morogoro mjini.

Chupa tatu dirishani

Utajuaje kama unafanikiwa? Mimi nina chupa tatu nyeupe za lita 1. Baada ya kila mvua kubwa najaza moja kijitoni juu ya shamba langu, ya pili chini ya shamba langu, ya tatu kwenye mdomo wa mtaro wangu wa mwisho. Naziweka dirishani usiku mmoja bila kuzigusa. Asubuhi tope limetua, na napima unene wake kwa rula ya mtoto wa shule, naandika kwenye daftari pamoja na tarehe.

Masika ya kwanza chupa ya tatu ilikuwa na tope la sentimita 4. Masika iliyopita ilikuwa na nusu sentimita, na ya pili ikalingana na ya kwanza, maana yake kijito kilipita kwangu bila kuongezewa kitu. Ya kwanza bado ina sentimita 2. Hiyo inatoka kwa jirani wa juu. Nimemwonesha chupa zote tatu, akazishika kwenye mwanga, akazungusha moja moja, akauliza kama ile fremu A naweza kumwazima. Jumatatu tunaanza kupima kwake, kutoka kwenye mwamba.